Mhandisi Mlangoni kwa Mbunge: Namna ya Kwenda, Kusema na Kurudi Tena

Mwaka 1897 Baraza la Wawakilishi la jimbo la Indiana, Marekani, lilipitisha muswada wa hesabu. Daktari mmoja wa tiba, Edward Goodwin, aliamini amegundua namna ya kugeuza duara kuwa mraba, akajitolea kuwapa wanafunzi wa jimbo hilo elimu hiyo bure mradi tu iandikwe kwenye sheria. Ukifuata maandishi yale, pi, ile namba ya duara ambayo kwa kweli ni 3.14 na ushee, inatoka 3.2. Kura za ndiyo zilikuwa 67. Za hapana, sifuri. Ikatokea kwamba Clarence Waldo, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Purdue, alikuwa jengoni siku zile kufuatilia mambo mengine kabisa. Akasikia mjadala, akapigwa na butwaa, akakaa na maseneta kuwaeleza. Seneti ikauweka muswada kando na haukuonekana tena.

Nikiwasimulia wahandisi wenzangu kisa hiki wanawacheka wabunge. Mimi nacheka kidogo tu. Watu wale 67 walikuwa na miswada mingine mezani, na hakuna mjuzi aliyekuwa karibu kuwanong'oneza neno. Aliyekuja, alikuja kwa bahati. Na sisi je? Kwenye chai tunalalamika kutwa: kifungu hiki kimeandikwa na mtu asiyewahi kushika mchoro, kile hakitekelezeki, bajeti ya matengenezo imekatwa tena. Ukiuliza nani kati yetu amewahi kukaa na mbunge wake hata robo saa, watu wanakoroga chai.

Mwongozo huu ni wa hao wanaokoroga chai.

Kwanza, jua mlango

Kabla hujatafuta namba ya mtu, tafuta jambo linalokuuma limeandikwa wapi. Kama liko kwenye sheria yenyewe, hilo ni la Bunge. Kama liko kwenye kanuni, zile zinazotungwa na waziri au mamlaka chini ya sheria, mbunge hawezi kuzibadilisha peke yake, ila anaweza kuuliza swali, kutaka kamati izipitie, au kukuunganisha na anayezitunga. Kama ni kiwango cha kiufundi, mlango wako ni shirika la viwango na kamati zake za wataalamu. Na kama ni mtaro au vibali vya ujenzi vya mji wako, huenda diwani ndiye mwenye kauli, na diwani unampata kwa urahisi zaidi.

Mgawanyo huo una sababu. Tarehe 20 Machi 1905 boila, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, ililipuka kwenye kiwanda cha viatu mjini Brockton, Massachusetts, watu 58 wakafa. Miaka 2 baadaye jimbo likatunga sheria ya boila. Majimbo mengine nayo yakaja na zao, kila moja na masharti yake, hata mtengenezaji wa boila asijue afuate lipi. Ndipo ASME, chama cha wahandisi mitambo cha Marekani, kikaandika kanuni moja iliyochapishwa 1915, na polepole majimbo yakaanza kuitambua kwenye sheria zao badala ya kila bunge kujiandikia vipimo. Bunge likatoa nguvu ya sheria, wahandisi wakatoa vipimo. Ukimwendea mbunge na hesabu za unene wa bati utamchosha bure. Mwendee na swali la vipimo vitoke wapi, nani akague, na asiyefuata afanywe nini. Hapo umeingia shambani kwake.

Ukishajua ni la Bunge, una watu wawili wa kutafuta. Wa kwanza ni mbunge wako wa jimbo, ambaye lazima akusikilize kwa sababu wewe ni kura. Wa pili ni mjumbe wa kamati inayoshughulikia jambo lenyewe, ambaye pengine hukumpigia kura lakini ndiye mwenye kalamu. Nenda kwa wa kwanza, umwombe akufikishe kwa wa pili.

Kuna watu wengine wasioonekana kwenye picha, nao ndio hasa wanaosoma karatasi: msaidizi wa mbunge, karani wa kamati, mtafiti wa Bunge. Bunge la Uingereza lina ofisi yake ya sayansi na teknolojia tangu 1989, ambayo kazi yake ni kuwaandikia wabunge maelezo mafupi. Congress ya Marekani iliunda ya kwake mwaka 1972, ikaifunga 1995. Kama Bunge lenu halina ofisi ya namna hiyo, msaidizi wa mbunge anaingia intaneti usiku na kuokota anachokikuta. Ni afadhali akuokote wewe.

Jambo moja, ombi moja

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Tunakwenda na matatizo 9 ya sekta nzima, tunayamwaga mezani, mbunge anaitikia kwa kichwa, tunapiga picha, basi. Wiki ikiisha hata yeye hakumbuki tulitaka nini.

Chukua karatasi ukamilishe sentensi hii: "Naomba Mheshimiwa afanye jambo fulani, kabla ya siku fulani, kwa sababu fulani." Ukishindwa kuijaza bado hujawa tayari, ahirisha safari. "Tunaomba serikali ithamini wahandisi" haijazi nafasi hata moja kati ya hizo tatu.

Tuchukue mfano mmoja twende nao hadi mwisho, maana nimeuishi. Muswada unataka kuruhusu malori yabebe asilimia 20 zaidi kwenye kila ekseli, yaani mhimili wa magurudumu. Wasafirishaji wanaupenda, na wana hoja: safari chache, mafuta kidogo, bei nafuu sokoni. Mhandisi wa barabara anaona lami ikichanika. Ombi la hovyo ni "tunaupinga muswada." Ombi linaloshikika ni hili: "Naomba Mheshimiwa apeleke marekebisho kwenye kifungu cha uzito, ili mzigo wa ziada uruhusiwe tu kwa lori lililoongezewa ekseli, kabla kamati haijafunga kazi." Ona kwamba ombi la pili linampa msafirishaji njia ya kupata anachokitaka. Mbunge ana wapiga kura wenye malori pia, usimlazimishe achague kati yako na wao kama kuna namna ya kuwapa wote.

Wakati

Kwenye mabunge mengi yaliyorithi utaratibu wa Uingereza, muswada husomwa mara 3. Mara ya kwanza ni kutajwa tu. Kazi ya kubadili maneno hufanyika kamatini, na ukifika baada ya hapo utapewa pole. Kwa hiyo siku muswada unapochapishwa ndiyo siku yako ya kuanza. Bajeti nayo vivyo hivyo: fedha za matengenezo huamuliwa miezi kadhaa kabla waziri hajasimama kusoma hotuba.

Bunge likiwa kwenye mapumziko, mbunge yuko jimboni na muda anao. Na wakati bora kuliko wote ni ule usio na shida yoyote, unapokwenda kujitambulisha tu. Wahandisi hatuupendi wakati huo kwa sababu hauna ajenda.

Kuomba miadi

Piga simu au andika ujumbe kwa msaidizi. Usiandike barua ya kurasa 3 yenye historia ya chama chenu tangu kuasisiwa. Hivi inatosha:

"Habari za kazi, Ndugu. Mimi ni mhandisi wa barabara na mpiga kura wa jimbo la Mheshimiwa. Naomba dakika 15 za Mheshimiwa kuhusu kifungu cha uzito wa ekseli kwenye muswada ulioko kamatini. Tutakuja watu wawili na karatasi ya ukurasa mmoja, ambayo naweza kukutumia leo. Kama nafasi ya Mheshimiwa ni finyu, nitashukuru kuonana na wewe."

Sentensi ya mwisho ndiyo yenye dawa. Msaidizi amezoea kufanywa kizuizi cha kurukwa, wewe umemfanya mtu. Usipojibiwa ndani ya wiki, kumbusha kwa adabu. Ukikumbusha mara mbili bila jibu, nenda ofisini mwenyewe mchana, ukae kwenye benchi kama watu wengine.

Muwe wawili, mkizidi sana watatu. Mmoja aseme, mwingine aandike. Ujumbe wa watu 11 waliovaa suti ni harusi, na kwenye harusi hakuna anayebadili kifungu cha sheria.

Karatasi moja

Moja, upande mmoja, herufi za kusomeka bila miwani. Yetu ya kwanza ilikuwa hivi:

"Ruhusu mzigo zaidi, usiruhusu ekseli nzito zaidi.
Ekseli ikizidishiwa uzito kwa asilimia 20, uchakavu wa barabara unakuwa mara 2.
Barabara zilizopo hazikusanifiwa kwa uzito huo, na fedha za matengenezo hazijaongezwa kwenye muswada.
Ombi: mzigo wa ziada uruhusiwe kwa lori lenye ekseli ya ziada tu.
Tuliosaini tunafanya kazi kwenye ujenzi wa barabara, na waajiri wetu hupata kazi barabara zinapoharibika."

Huo mstari wa mwisho nitaurudia baadaye. Mstari wa pili una shimo, nitakuonyesha tulivyotumbukia. Lakini kwanza, hiyo "mara 2" imetoka wapi? Kati ya 1958 na 1960, huko Illinois, Wamarekani walijenga vipande vya barabara kwa ajili ya majaribio tu, wakazungusha malori juu yake siku baada ya siku hadi vipande vikaharibika. Katika vipimo vile ikapatikana kanuni ambayo mhandisi yeyote wa barabara anaijua: uchakavu hupanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Asilimia 20 zaidi ni mara 1.2; zidisha 1.2 kwa yenyewe hadi zifike nne, unapata 2.07. Maneno haya yote ninayokueleza wewe sasa hivi hayakuwemo kwenye karatasi, wala yasiwemo kwenye yako. Yakae kichwani, yakisubiri kuulizwa.

Hesabu ziongee lugha ya mtu

Kuna msemo wetu unaodanganya watu wazima kila siku: "mafuriko ya miaka 100." Mwambie mbunge kwamba daraja limesanifiwa kwa mafuriko ya miaka 100, na yeye anasikia kwamba yakija leo, wajukuu zake ndio watakaoyaona tena. Tunachokusudia ni kwamba kila mwaka kuna uwezekano wa 1 kati ya 100. Nyumba itakayokaa miaka 30 mahali yanapofika mafuriko hayo ina uwezekano wa asilimia 26, robo na ushee, wa kuyaona walau mara moja. Sema hivyo: "Katika nyumba 4 za namna hii zilizo kwenye mito tofauti, tegemea moja iingie maji kabla mwenye nyumba hajamaliza mkopo."

Afadhali zaidi, ipime kwa kalenda yake. Kalavati lililosanifiwa kwa mafuriko ya miaka 50 lina uwezekano wa karibu 1 kati ya 10 wa kuzidiwa ndani ya muhula mmoja wa miaka 5. Mbunge akisikia neno muhula, anaweka simu chini. Sisemi umtishe. Nasema kila mtu ana kipimo chake cha muda, cha mbunge ni uchaguzi, na hakuna aibu kukitumia.

Kama kuna kitu cha kushikika, beba. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo cha anga cha Challenger walionya kwamba mpira wa kuziba maungio haufai kwenye baridi ile, wakatuma majedwali yao kwa faksi. Wakubwa wao na NASA, shirika la anga la Marekani, wakaamua chombo kiruke, na kesho yake watu 7 wakafa. Wiki 2 baadaye, mbele ya tume ya uchunguzi na kamera, Richard Feynman alikibana kipande cha mpira uleule kwa kibano kidogo, akakichovya kwenye maji ya barafu, akakitoa na kukifungua. Mpira haukurudi haraka kwenye umbo lake. Dunia nzima ikaelewa. Feynman alikuwa mwanafizikia, jambo ambalo mimi kama mhandisi huwa linaniuma kidogo.

Kwa hiyo kipande cha bomba kilichojaa kutu hadi tundu likabaki la kidole kina maneno mengi kuliko grafu. Kifunge kwenye mfuko wa plastiki, lakini. Kutu inachafua meza za watu.

Chumbani

Mwite Mheshimiwa, jitambulishe kwa sentensi moja, kisha anza na ombi. Ndiyo, anza nalo. Chuoni tulifundishwa utangulizi, mbinu, matokeo, halafu hitimisho. Kwa mbunge hitimisho linakwenda mbele kwa sababu hujui utakatizwa dakika ya ngapi.

Sisi tulikatizwa ya sita. Kengele ya kupiga kura ililia, Mheshimiwa akanyanyuka, akatuomba radhi, akatuachia msaidizi wake, dada mmoja aliyesomea uhasibu. Mwenzangu alinitazama kwa jicho la "tumekwisha." Dada yule alikuwa ameshaisoma karatasi, na kalamu yake ilikuwa juu ya mstari wa pili.

"Samahani Mhandisi. Lori likibeba zaidi, si safari zitapungua?"

"Kweli, zitapungua."

"Sasa mbona hapa hamjazipunguza?"

Nilimtazama mwenzangu. Mwenzangu akatazama dari. Miaka yangu yote ya kazi, na swali la mtu wa vitabu vya hesabu za fedha limenikalisha chini. Kishawishi cha wakati huo nakijua vizuri: kumwaga istilahi hadi aliyeuliza aone haya. Usifanye hivyo, hata siku moja. Maneno sahihi ni haya: "Swali lako ni sahihi, hatukulipigia hesabu. Nitakuletea jibu leo kabla ya saa kumi jioni." Halafu ulilete kweli, kabla ya saa kumi.

Tukarudi kupiga hesabu upya. Chukua lori ambalo theluthi ya uzito wake wote ni gari lenyewe na theluthi mbili ni mzigo. Uzito wote ukipanda kwa asilimia 20, mzigo unapanda kwa asilimia 30, maana gari lenyewe halinenepi. Mzigo uliohitaji safari 100 sasa unahitaji 77. Kila safari inachakaza mara 2.07, ukizidisha kwa 0.77 unapata 1.6 hivi. Tukamwandikia: "Mara 2 ni kwa kila safari. Kwa mzigo uleule wote ni takriban mara 1.6. Ombi letu ni lilelile, ila tafadhali tumia namba hii."

Namba yetu ilipungua na uzito wetu ukaongezeka. Siku chache baadaye yeye ndiye aliyepiga simu, akitaka kujua ekseli ya ziada inasaidia kwa kiasi gani. Safari hii tulikuwa tumejiandaa: lori la ekseli 5 likiongezewa ya 6, uzito wa kila ekseli unabaki palepale, na kwa mzigo uleule wote uchakavu unashuka kidogo badala ya kupanda. Marekebisho yaliyopita hayakuwa yote tuliyoyaomba, lakini neno "ekseli ya ziada" liliingia.

Nilipokuja kusoma habari za George Stephenson nilijisikia nafuu. Mwaka 1825 alisimama mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kutetea reli ya Liverpool na Manchester. Vipimo vya usawa wa ardhi vilifanywa na wasaidizi wake, naye hakuvihakiki. Wakili wa upande wa pili, Edward Alderson, akamwuliza mambo ya daraja na mto hadi akabaki hana jibu, na muswada ukaanguka. Upimaji ukarudiwa na wahandisi wengine, sheria ikapita 1826, na reli ikafunguliwa 1830. Mhandisi mwenye jina kubwa kuliko yote ya reli aliangushwa na namba ambayo hakuikagua mwenyewe. Basi jioni kabla ya kwenda, mpe karatasi yako mtu asiye mhandisi, mwenye ulimi mkali, aichane. Mke, mume, shangazi, yeyote. Sisi tungempa mhasibu wa ofisini tungeokoka.

Mambo madogo ya chumbani nayataja harakaharaka. Zima simu. Usilete projekta. Usimkosoe waziri wala chama, hata kama Mheshimiwa mwenyewe ameanza. Akikuuliza upande wa pili unasemaje, ueleze kwa haki kama ambavyo wangeueleza wenyewe, kwa sababu kesho watakaa kwenye kiti hichohicho naye atalinganisha. Na kabla ya kuondoka rudia ombi, kisha uliza waziwazi: "Mheshimiwa, hili unaliona linawezekana?" Jibu likiwa hapana, uliza kinachozuia. Hapana yenye sababu ina thamani kuliko tabasamu.

Mikono iwe misafi

Turudi kwenye mstari wa mwisho wa karatasi. Sema nani anakulipa na unafaidikaje. Ukisema mwenyewe ni uaminifu, wakigundua wenyewe ni skandali, ingawa taarifa ni ileile. Kwetu ilikuwa rahisi kwa sababu tulikuwa tunaomba kitu ambacho kingewapunguzia kazi waajiri wetu. Yako ikiwa kinyume, yaani sheria ikipita kampuni yako inanufaika, ndiyo useme kwa sauti zaidi.

Kama umeajiriwa na serikali, angalia masharti ya utumishi kwanza. Kuna mahali unaruhusiwa kwenda kama raia kwa muda wako, na kuna mahali unahitaji kibali. Kama unalipwa ili kushawishi wabunge, baadhi ya nchi zinataka usajiliwe: sheria ya sasa ya Marekani ni ya 1995, ya Uingereza ni ya 2014. Uliza kabla, usiulizwe baadaye. Michoro na ripoti za mteja wako ni mali ya mteja, hata kama zingekushindia hoja ndani ya dakika moja. Zawadi usibebe, hata kalenda ya kampuni.

Kuna jambo ambalo halijaandikwa popote. Mbunge anaweza kukuomba umthibitishie kitu alichokwisha kukitangaza jukwaani, kwamba daraja fulani ni zima au bovu, nawe hujalikagua. Hapo mhuri wako ukae mfukoni. "Sijalikagua, Mheshimiwa, siwezi kulisemea. Ila naweza kukueleza mkaguzi anapaswa kuangalia nini." Atakasirika siku ile. Ukikubali, utakuwa umemwuzia kitu kimoja tu ulicho nacho ambacho wengine wanaobisha mlango wake hawana.

Kurudi tena

Siku ileile, ujumbe mfupi wa shukrani wenye ombi katika sentensi moja na majibu uliyoahidi. Baada ya hapo fuatilia kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge uone kama alisema. Akisema, mwambie umemsikia, maana wabunge wengi husikia kutoka kwa wapiga kura pale tu wanapokosea. Asiposema, uliza kwa upole kilitokea nini.

Halafu mwalike aje kuona. Mwaka 1858, London, wahandisi walikuwa wameshasema sana kuhusu majitaka yaliyokuwa yakimwagwa Mto Thames, na michoro ya Joseph Bazalgette ilikuwa ikizungushwa ofisi hii na ile. Kiangazi kile joto likapanda na harufu ya mto ikaingia ndani ya Bunge lenyewe, lililo ukingoni. Mapazia yakaloweshwa dawa ya chokaa, haikusaidia. Sheria ikatungwa na kupitishwa kwa siku 18. Hoja ilikuwa ileile ya miaka yote, tofauti ni kwamba sasa wabunge waliivuta puani.

Kwa hiyo ukimleta mbunge eneo la kazi, usimsimamishe chini ya turubai kumsomea taarifa. Mvike kofia ngumu na viatu, mpeleke hadi kwenye ufa, mwambie aingize kidole. Mpe fundi anayefanya kazi pale nafasi ya kueleza, wewe nyamaza. Dakika 40 zinatosha. Andaa maji ya kunywa, na mahali pa kunawa kidole.

Ukienda hivi mara mbili tatu, siku moja simu italia kuhusu jambo lisilo lako. Kwangu ilikuwa yule dada mhasibu, saa mbili usiku, akiuliza kama tangi la maji la shule linaweza kuwekwa juu ya paa la madarasa ya zamani kwa sababu kuna mtu anataka kulitoa msaada. Mimi ni wa barabara. Nilimwambia tu kwamba lita 1,000 za maji ni tani nzima na kwamba asiruhusu mtu apandishe chochote kabla paa halijakaguliwa, nikampa namba ya mwenzangu wa majengo, ambaye nilikuwa nimeshamwomba ruhusa. Weka orodha yako tayari: wa majengo, wa umeme, wa maji, wa mitambo, wa mawasiliano. Waulize leo kama wanakubali kupigiwa simu saa mbili usiku.